Mwalimu Aliyepima Mvua kwa Mkebe wa Kimbo (Sehemu ya Pili)

Wiki jana tulimwacha mwalimu amesimama mbele ya darasa lisilo na maabara, katika shule ya harambee iliyopakana na mashamba ya majanichai, upande ule ambako Kericho na Bomet hugawana ukungu. Siku hizo hapakuwa na mpaka wa kugombania, maana Bomet ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kericho hadi ilipotengwa mwaka 1992. Wapo walioniuliza mbona simtaji jina. Familia yake haikupenda, nami naliheshimu hilo. Waliofundishwa naye watamtambua kwa ule mkebe. Wazee wa kijijini walimwita Konetindet, yaani mwalimu, wakaishia hapo, kana kwamba shule nzima haikuwa na mwingine.

Alikuwa zao la Chuo cha Ualimu wa Sayansi cha Kenya, kile ambacho Sweden ilitusaidia kukijenga kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi, katikati ya miaka ya 1960. Kenya ilikuwa imepata uhuru wake, lakini walimu wengi wa fizikia na kemia walikuwa bado wageni, na mgeni mkataba wake ukiisha hufunga sanduku. Ndiyo maana chuo kikaanzishwa. Mwalimu alirudi nyumbani mwaka 1975 na cheti chake, koleo moja, bisibisi mbili na msumeno wa chuma. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha SEPU, kitengo cha kutengeneza vifaa vya shule, na baadaye sisi nasi tukapata sanduku lake moja. Alilifungua, akatazama kilichomo, akasema lililobaki tutalitengeneza wenyewe.

Kipimamvua ndicho kilichotangulia. Ulikuwa mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ya Kimbo uliooshwa kwa majivu, ukawekwa juu ya kigogo katikati ya uwanja, mbali na miti na paa. Mkebe wenye kuta zilizonyooka hauhitaji hesabu ngumu. Unatumbukiza rula, unasoma milimita, unaandika, unamwaga. Zamu ilikuwa kila siku saa tatu asubuhi, likizo pia, na waliokaa karibu na shule ndio walioumia. Kwetu mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo zamu ya mtu haikupita bure.

Lakini tukio ambalo wengi wetu hatujalisahau ni la maji ya moto.

Tulikuwa kidato cha pili, mwaka 1989. Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto: chemsha maji juu ya stovu ya mafuta ya taa, tumbukiza kipimajoto, andika maji yanachemka kwa nyuzi ngapi. Makundi yalikuwa matano. Makundi manne tuliandika 100. Kundi la tano, la wale waliokaa nyuma na ambao hawakuwa na mazoea ya kufungua kitabu, liliandika 93. Tukawacheka. Mwalimu alikusanya madaftari, akayapanga mezani, kisha akauliza kwa upole uliotutisha, “Nani kati yenu ameiona mia kwa macho yake?”

Kimya.

“Kitabu ndicho kilichoiona,” akasema. “Kitabu kilichemsha maji yake kando ya bahari. Ninyi mmechemsha wapi?”

Kisha akatueleza, na maelezo yake nayatoa hapa kama nilivyoyashika. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyagandamiza kutoka juu. Mombasa hewa yote imekaa juu ya sufuria. Kericho, ambayo ina mwinuko wa mita 2,000 na zaidi kidogo, sehemu ya hewa hiyo imebaki chini yetu, kwa hiyo mzigo umepungua na mvuke hautoki jasho jingi kuusukuma. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja. Fanya hesabu yako, utaifikia 93. Ndiyo sababu maharagwe ya Kericho huchukua saa nyingi motoni kuliko ya Mombasa, na mama zetu walilijua hilo kwa bei ya kuni kabla mwalimu hajazaliwa. Maji yetu yanatokota vizuri, ila hayana moto wa kutosha.

Wale wa nyuma walipata alama kumi kwa kumi. Sisi tulipata sifuri, na sifuri hiyo hakuifuta hata mwisho wa muhula. Nimesoma vyuo viwili tangu siku hiyo na sijaona somo la uaminifu wa kisayansi lililofupishwa vizuri zaidi ya lile.

Somo jingine lilitoka kwenye kikapu cha chai. Wazazi wetu waliuza majani mabichi, majani mawili na chipukizi, na kila mmoja aliamini anaibiwa. Walisikia kwamba kiwandani kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu, wakauliza, je, hizo tatu na nusu huliwa na nani? Lilikuwa swali la haki. Mwalimu aliomba kilo moja ya majani kutoka shamba la jirani, akaipima kwa mizani ya duka mbele ya wazazi siku ya mkutano, akaikausha taratibu juu ya bati lenye moto wa chini, akaipima tena. Zilibaki gramu mia mbili na kitu. Wakati wa kukausha alikuwa amefunika bati kwa sufuria baridi kwa muda, matone yakajitunga ndani yake, akawaonyesha. “Mwizi wa kwanza ni huyu,” akasema, akipangusa maji kwa kidole. Zaidi ya robo tatu ya jani bichi ni maji. Mzee mmoja akamuuliza kuhusu mizani ya kituo cha kununulia chai, kama nayo hukauka. Mwalimu alijibu kwamba hiyo ni fizikia ya aina nyingine, na mkutano ukavunjika kwa kicheko. Sidhani alikuwa anatania.

Sasa niseme kosa lake, maana tanzia za kwetu humfanya marehemu kuwa malaika, naye angechukia hivyo. Kwa miaka mingi alifundisha kwamba chai hugeuka nyeusi kwa kuchacha. Hata viwandani husemwa hivyo, chai “inachachishwa”, na mashine za kuponda, kurarua na kukunja majani hufuatwa na kitanda cha “kuchachia”. Siku moja ya Jumatatu aliingia darasani akatuamuru tufungue ukurasa wa wiki iliyopita, tukate neno hilo kwa mstari mmoja, ila tusilifute. Kuchacha, alisema, ni kazi ya vijidudu, kama katika mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, au pombe. Ndani ya jani la chai hakuna vijidudu vinavyofanya kazi hiyo. Kuna kimeng’enya kinachokaa chumba kimoja na polifenoli zinazokaa chumba kingine, na jani likipondwa kuta huvunjika, wawili hao wakakutana na oksijeni ya hewani, rangi ya kijani ikageuka ya shaba. Ni jambo lile lile linalotokea kwa ndizi iliyomenywa au parachichi lililokatwa. Ukilipitisha jani kwenye mvuke kwanza, kimeng’enya hufa, nawe unabaki na chai ya kijani. “Nilikosea mimi, si ninyi,” akasema, akageukia ubao. Daftari langu lina mstari huo mpaka leo. Walimu wangu waliowahi kukiri kosa mbele ya darasa hawafiki wanne.

Nimeacha mvua ya mawe iwe ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyomchukua miaka.

Mtu asiyekaa kwetu haelewi mvua ya mawe ni nini. Asubuhi jua linawaka, saa nane mawingu yanajikusanya, saa tisa paa la bati linapiga kelele hata mwalimu anaacha kufundisha, na saa kumi shamba lililokuwa kijani limechanika kama karatasi. Vitabu vya rekodi huitaja Kericho kuwa mahali penye mvua ya mawe nyingi kuliko pote duniani, wastani wa siku 132 kwa mwaka. Mwalimu alitilia mkazo kwamba hesabu hiyo ni ya eneo zima la mashamba likikusanywa pamoja, kwa hiyo mkebe mmoja usitarajie kuzifikia. Lakini hata mkebe wetu ulizipata za kutosha. Miaka ya 1960 wenye mashamba walijaribu kuyapiga mawingu kwa roketi, kisha wakatuma ndege zenye iodidi ya fedha kuyavuruga. Wazee walisimulia roketi hizo kama vita.

Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja aliuliza: kwa nini hapa? Milima iko kwingine pia, na mvua iko kwingine pia. Mwalimu alitoa sehemu ya jibu palepale. Upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda kutoka magharibi kila alasiri, ukakutana na upepo wa mashariki juu yetu, hewa ikarushwa juu kwa nguvu. Halafu sisi tuko juu, kwa hiyo barafu inayoanguka haipati safari ndefu ya kuyeyukia. Mwanafunzi akasema hayo yanafaa hata kwingine. Mwalimu alinyamaza, akaandika swali kwenye pembe ya ubao, akasema, “Hilo sijui. Nitatafuta.”

Nilikuwa nimemaliza shule nipo chuoni barua yake iliponifikia, kurasa mbili, wino mwekundu kama kawaida yake. Ilianza bila salamu: mliniuliza mwaka 1990, jibu ni hili.

Maji safi, tofauti na tunavyodhani, hayagandi yakifika sifuri. Tone dogo la wingu lisilo na uchafu laweza kukaa maji mpaka karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Linahitaji punje ya kuanzia, kitu ambacho molekuli za maji zitajipanga juu yake zikawa barafu. Vumbi la kawaida hufanya kazi hiyo, lakini kwenye baridi kali tu. Mtafiti Russell Schnell alikuwa amegundua kwamba majani yanayooza hutoa punje zinazogandisha maji katika baridi ndogo sana, nyuzi chache tu chini ya sifuri, na wahusika wakuu ni bakteria wanaoishi kwenye majani, hasa Pseudomonas syringae, ambao ngozi yao ina protini inayozipanga molekuli za maji kama askari kwenye gwaride. Mwaka 1982 yeye na mwenzake Tan-Schnell walichapisha katika jarida la Tellus utafiti walioufanya juu ya taka za majani ya chai ya Kenya. Chini ya kila mchai kuna zulia la majani makavu. Wachumaji hupita humo siku nzima, miguu inayatimua, vumbi lake linapanda na hewa ya moto ya mchana hadi mawinguni. Kwa hiyo, kwa dhana yao, shamba lenyewe huenda ndilo linalosaidia kutengeneza mawe yanayolipiga.

Nasema dhana kwa makusudi. Mwalimu mwenyewe alipigia mstari neno hilo mara mbili. Kuonyesha kwamba taka za chai zinagandisha maji ni jambo moja, na hilo lilionyeshwa. Kuthibitisha kwamba ndizo zinazoleta kila dhoruba ni jambo jingine. Ila mwisho wa barua aliandika jambo lililomuuma: kwamba utafiti uliofanywa miguuni mwetu ulikuwa na miaka karibu kumi kwenye jarida la ng’ambo kabla mtoto mmoja wa Kericho hajausikia. Nadhani alikuwa na haki. Vitabu tulivyosomea sayansi vilieleza mvua ya mawe kwa mfano wa nchi zenye theluji.

Alistaafu mwaka 2008 akiwa na miaka 55. Mwaka 2009 serikali ikapandisha umri wa kustaafu hadi 60. Alilicheka jambo hilo, ingawa mkewe hakucheka. Alikuwa amepita pia katika semina za SMASSE, mradi ulioanza mwaka 1998 kwa msaada wa Japani, ambako walimu walifunzwa kubuni vifaa kwa vitu vya nyumbani. Akaniambia alikaa siku kumi akifundishwa mkebe wa Kimbo. Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa sayansi wa Njoro hapo jirani, alipotunukiwa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja, nilimpigia simu mwalimu wetu nikidhani atafurahi. Alifurahi. Kisha akauliza kama shule ile sasa itapata maabara.

Mara ya mwisho nilipomtembelea alikuwa amepanda safu mbili za chai ya zambarau, aina ya TRFK 306 iliyotolewa na watafiti wa chai wa Kericho mwaka 2011. Aliipika, akaimimina kwenye glasi, akakamulia ndimu, na rangi ya zambarau ikageuka kuwa ya waridi. “Litimasi ya bure,” akasema, akainywa.

Wiki ijayo tutaingia kwenye kibuyu: kwa nini mkaa wa mti wa senetwet huwekwa kwenye mursik, na nini alichosema mwalimu kuhusu hilo hata akagombana na shangazi zake. Kwa sasa, msomaji uliye na kipimajoto, chemsha maji popote ulipo, uandike ulichokiona. Mmoja akiwa Mombasa na mwingine Litein, kule Kericho, namba zenu zisifanane.