Nakala nyingi, kiwavi mmoja

Baada ya miaka ya kazi na diploma yangu, nimerudi kusomea shahada. Funzo la kwanza nimelipata nje ya darasa.

Kikundi chetu kilipewa kazi ya kuandaa kipeperushi kuhusu kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi. Tukawa tunatumiana faili WhatsApp, kila mtu anasahihisha la kwake. Kumbe mimi nikachapisha nakala ya zamani, inayosema pulizia dawa saa sita mchana! Muda huo kiwavi kajificha ndani ya moyo wa mhindi. Dawa hupuliziwa asubuhi mapema au jioni. Niligundua nikiwa nimeshaanza kuvigawa kijijini. Ikabidi nivifuate nyumba kwa nyumba.

Sasa tunaandika wote kwenye hati moja ya Google Docs. Maoni yanakaa pembeni, na mtu akiharibu, tunafungua historia ya hati na kurudisha ya jana. Kabla ya kwenda shambani naiwekea ipatikane bila intaneti. Bando likiisha naendelea kuandika. WhatsApp imebaki ya kukumbushana tu.

Hata nyie wa vikundi vya kuweka na kukopa: daftari liwe moja.