Umeme ukikatika Kinsevere, je, programu inasikia amri ya kusimama?

LUBUMBASHI. Mgodi wa Kinsevere, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, ulizalisha zaidi ya tani 44,000 za shaba mwaka 2024. Kampuni ya MMG, iliyouchukua mwaka 2012, imeeleza katika ripoti zake kuwa umeme wa gridi usio thabiti huathiri uzalishaji, na hulazimu kuwashwa kwa jenereta za dizeli.

Mtambo unaposimama, kila mtu anaona. Hasara ya kompyuta huja kimyakimya, na inaweza kumpata yeyote anayechakata takwimu za miamba katika ukanda huu.

Umeme ukikatika, betri ya akiba huipa kompyuta dakika chache. Ikikaribia kuisha, mfumo wa Linux huziamuru programu zifunge kazi kwa ishara iitwayo SIGTERM. Programu isiyotii, kwa kawaida baada ya sekunde 90, huuawa kwa SIGKILL, ishara isiyoweza kukataliwa.

Tatizo ni kwamba programu nyingi za hesabu zina matabaka mawili. La juu huandikwa kwa Python, lugha rahisi inayosimamia kumbukumbu yenyewe. La chini, kama maktaba ya NumPy, limeandikwa kwa lugha ya C ili liende kasi.

Mwandaaji anaweza kuweka kwenye Python utaratibu wa kuhifadhi kazi ishara ikifika. Lakini Python huiandika tu ishara hiyo pembeni, kisha husubiri C imalize. Hesabu ikichukua dakika tano, sekunde 90 zitapita na kazi ya mchana kutwa itapotea.

Kwenye Java mambo ni tofauti. Utaratibu wa kufunga huanza mara moja, huku tabaka la chini likiendelea bila habari. Utaratibu ukiisha, programu hufa, hata kama faili limeandikwa nusu.

Dawa ipo, na haihitaji fedha nyingi. Hesabu ndefu igawanywe vipande vifupi, na msimbo wa C uulize kila mara kama kuna ishara. Python ina PyErr_CheckSignals kwa kazi hiyo. Matokeo yahifadhiwe hatua kwa hatua kwenye faili la muda, ambalo hupewa jina la kudumu likishakamilika.

Kisha programu ijaribiwe: itumiwe SIGTERM katikati ya hesabu, kabla gridi haijafanya jaribio hilo yenyewe.