Mzazi Akilalamika Kifua, Tusimwambie ni Uchovu

Tuchukulie mama wa Masanze, wilayani Kilosa, aliyejifungua salama juma moja lililopita. Ni kijana, hana shinikizo la damu wala kisukari. Ghafla kifua kinambana kama kilichoelemewa na jiwe, maumivu yanapanda shingoni na kushuka mkononi, jasho jembamba linamtoka. Nyumbani ataambiwa ni gesi, au ni uchovu wa kulea. Yamkini ndivyo, lakini yamkini pia ukuta wa ateri ya moyo wake umepasuka.

Maradhi haya si yale tuliyoyazoea ya mafuta kuziba mishipa. Tabaka za ukuta wa ateri huachana, damu ikajikusanya baina yake na kuibana njia, hata msuli wa moyo ukakosa damu. Ni nadra, ila ni miongoni mwa sababu kubwa za shambulio la moyo kwa wajawazito na waliojifungua, na mara nyingi hutokea ndani ya mwezi wa kwanza baada ya uzazi.

Hukosewa kwa kuwa mgonjwa hafanani na mgonjwa wa moyo. Hivyo, neno la kwanza kwa tabibu liwe hili: amejifungua juzijuzi. Kisha ziombwe kipimo cha umeme wa moyo na kipimo cha damu kiitwacho troponini. Majibu yakiwa safi na maumivu yangalipo, vipimo virudiwe baada ya saa chache, kwani vya mwanzo huweza kuficha. Uthibitisho hupatikana kwa picha ya mishipa ya moyo, kwa kupitisha mrija mwembamba mkononi au pajani. Huduma hiyo ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Basi rufaa kutoka wilayani isicheleweshwe.

Kuyatambua maradhi ndiko kunakoongoza tiba. Ateri nyingi hupona zenyewe baada ya wiki au miezi, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi. Bali dawa za kuyeyusha damu iliyoganda huweza kuuzidisha mpasuko.

Ndugu waume na mama wakwe, siku arubaini za uzazi ni amana mikononi mwetu. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza kutafuta tiba. Mume akiwa safarini, asingojewe. Subira ni ibada, lakini kunyamazia kifua kinachobana si subira. Mzazi apelekwe hospitali, na dua aombewe njiani.