Mtoto Mwenye Saratani ya Nyama: Miti Shamba au Hospitali?



Baada ya darsa, mama mmoja aliniuliza. Mwanawe ana uvimbe pajani, na hospitali wamesema ni saratani. Jamaa wanamtaka aache sindano, ampe habbat sawdaa na manjano, kwa kuwa ndiyo Sunna na hayana kemikali. Je, anapata dhambi akiendelea na hospitali?

Saratani hiyo, rabdomayosakoma, huanzia kwenye seli zinazofanana na za misuli changa, na huwapata zaidi watoto wadogo. Mara nyingi uvimbe hukua bila kuuma, ndiyo maana wazee huchelewa.

Nilimuuliza kama analijua lile ua dogo, jeupe au la waridi, lenye petali tano, linaloota hata mchangani. Asili yake ni Bukini. Majani yake ndiyo yaliyotoa vinkristini, dawa inayozuia seli kugawika, na tangu miaka ya 1960 inatibu saratani za watoto, hii ikiwemo. Sindano anayoambiwa aikimbie imetoka kwenye mmea!

Basi tuchemshe majani? La hasha. Gramu moja ya dawa hiyo huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, na majani yenyewe yana sumu nyingine. Hospitali humpimia mtoto kwa miligramu, kulingana na mwili wake, na humtia kwenye mshipa wa damu tu. Ikiingia kwenye maji ya uti wa mgongo huua. Tena haitoshi peke yake: huenda pamoja na dawa nyingine, upasuaji au mionzi.

Hadithi ya habbat sawdaa ni sahihi, ameipokea Bukhari. Lakini Al-Khattabi alieleza kuwa tamko lake ni la jumla, na makusudio ni maradhi maalumu. Viini vya habbat sawdaa na vya manjano vimejaribiwa kwenye seli za saratani maabara. Kuua seli kwenye kisahani si kumponya mtoto, na kiini cha manjano hata tumboni hufyonzwa kidogo mno.

Kwa hiyo hana dhambi. Ninachokiogopea ni kinyume chake: kuacha tiba inayojulikana na uvimbe ukaenea, ilhali mtoto ni amana.

Akitaka kumpa habbat sawdaa, amuulize daktari kwanza, kwani vinkristini husafishwa na ini na vitu vingine huweza kuliingilia. Na alichokwisha kumpa, kila jani na kila kijiko, akiseme, hata kama anaona haya.

Wallahu a'lam.