Vitabu Vinavyozungumza Habari za Nyumbani Kwetu

Safari hii sisi walimu wa kujitolea tunaosimamia usomaji wa Jumamosi tumepewa ukurasa tueleze tunasoma nini pale darasani, kwa sababu maneno yamekuwa mengi mtaani. Wako wazazi wanaosema eti tunawafundisha watoto wao mambo ya mapenzi. Wengine wanasema tunapoteza wakati kwa hadithi na mtihani uko karibu. Basi tuseme wenyewe, ili kila mtu ajue.

Maneno yote yalianzia kwenye kitabu kimoja, Rosa Mistika. Kimeandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, na kilitoka mwaka 1971. Papa mmoja wa blok jirani alikuja nacho mkononi, amekasirika, akatuuliza: “Walimu, hiki ndicho mnachomsomesha binti yangu?” Tulimpa benchi akae. Kumbe alikuwa amekifungua mahali pale msichana anapoletewa barua na mvulana, akakifunga papo hapo. Hakuwa amefika mbele.

Kwa kweli si yeye wa kwanza. Kitabu hicho kiliwahi kukatazwa mashuleni hapa Tanzania, baadaye kikaruhusiwa. Lakini ukikisoma chote, utaona mwandishi hawasemi wasichana peke yao. Anamsema pia baba. Zakaria, baba yake Rosa, ni mlevi. Pesa inakwisha kwenye pombe na mama Regina anahangaika na watoto. Ile barua ya mvulana inapoonekana, Zakaria hamuulizi binti wala hamshauri, anampiga vibaya sana. Rosa anakwenda shule akiwa anaogopa wanaume wote, hajafundishwa kitu chochote juu yao, ila fimbo tu. Halafu siku anapokuwa mbali na macho ya baba, anaanguka, na mwisho wake ni mbaya. Nani amemharibu? Hilo ndilo swali tuliloliweka ubaoni, na vijana walibishana mpaka giza likaingia.

Yule papa tulimsimulia hivyo hivyo. Akanyamaza, akasema, “Sasa mnataka kusema mimi ni Zakaria?” Tulicheka wote, yeye pia, ingawa kicheko chake kilikuwa kidogo.

Lakini na sisi tulikuwa na kosa letu, tunalikiri hapa. Binti yake ana miaka 13, na tulimwazima kitabu aende nacho nyumbani bila kuzungumza naye. Haikuwa sawa. Tangu siku ile Rosa Mistika hakitoki nje ya darasa. Kinasomwa kwa sauti, na wenye miaka 16 na kuendelea, mwalimu wa kike akiwepo. Mzazi anayetaka kukaa nyuma asikilize, karibu.

Kitabu kingine kilichotugusa kinatoka mbali kidogo, Senegal. Mariama Bâ alikiandika kwa Kifaransa, Une si longue lettre, mwaka 1979, na mwaka 1980 kikapata tuzo ya Noma, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Kiswahili chake kinaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Sisi tunacho cha Kifaransa, nakala moja, jalada limetoka. Tunasoma kipande, halafu tunaeleza kwa Kiswahili, maana ndugu zetu wengi hawakusoma Kifaransa, na waliokisoma wamekisahau kwenye njia ya kukimbia.

Hadithi yake ni ya mama mjane, Ramatoulaye, mwenye watoto 12. Amekaa eda, anamwandikia barua rafiki yake wa tangu utotoni. Mume wake, kabla ya kufa, alioa mke wa pili bila kumwambia, na huyo mke wa pili alikuwa rafiki wa binti yake mwenyewe, alikuwa anakuja kusoma pale nyumbani. Wamama waliposikia sehemu hiyo walipiga kelele darasani. Mmoja alisema, “Huyu mwandishi alikuja kwetu lini?” Tulishindwa kuendelea kusoma kwa muda, kila mtu ana la kusema.

Lakini sisi tulikichagua kitabu hiki kwa ajili ya sehemu nyingine, inayokuja baadaye. Ramatoulaye anagundua kwamba binti yake, mwanafunzi, ana mimba. Kuna bibi mmoja jirani aliyeona mapema, akamfungua macho, na bibi huyo anangojea mama apige mayowe na kumlaani mtoto. Mama anaumia, hakuna mtu anayesema hakuumia. Lakini anamkumbatia mtoto wake. Hamfukuzi.

Wiki ile tuliyosoma, kila mtu pale darasani alikuwa anajua tunamfikiria nani. (Mambo mengine tumeyabadilisha hapa ili familia isijulikane.) Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa ameacha kuja, na ilisemekana baba yake amemtolea vitu nje, mkeka na sahani yake, akamwambia aende kwa aliyempa mimba. Na huyo aliyempa mimba hayupo tena kambini. Msichana alikuwa analala kwa shangazi yake, watu saba kwenye nyumba ya vyumba viwili, na jina lake liko kwenye kadi ya mgao ya baba. Yaani chakula kiko upande mmoja na mtu yuko upande mwingine. Wanaokaa hapa wanaelewa maana yake.

Hatukumwalika baba. Alikuja mwenyewe, akasimama nje karibu na dirisha kama mtu anayengoja mwenzake. Tuliendelea kusoma. Tulipomaliza, mama mmoja mzee akasema kwa sauti, bila kumwangalia yeyote, kwamba yeye alipoteza mabinti wawili vitani, na leo hata mmoja wao angerudi na mimba za wanaume watatu angempikia uji. Hakuna aliyeongeza neno.

Yule baba aliondoka. Baada ya siku chache tulimuuliza, naye akatujibu, “Walimu, kitabu ni kitabu. Nyumba ni nyumba.” Hatutaki kuwadanganya wasomaji kwamba alilia na kumrudisha binti. Hajamrudisha. Ila siku ya mgao uliofuata, kaka mdogo wa msichana alionekana akibeba unga na maharage kwenda kwa shangazi, na msichana mwenyewe sasa anakuja tena Jumamosi, anakaa karibu na mlango.

Vya Camara Laye na Zamenga Batukezanga tutavitaja kwa ufupi, maana nafasi ni ndogo. L'Enfant noir cha Camara Laye, cha mwaka 1953, kinaeleza utoto wake Kouroussa, Guinea, baba akiwa mfua vyuma, na jinsi mama yake alivyokataa kabisa mwanawe asiende Ufaransa. Wazazi wenye vijana waliosafiri kwenda kukaa nchi za mbali, wao wakabaki hapa, watakielewa kuliko sisi. Naye Zamenga ni wa kwetu Kongo, alifariki mwaka 2000, na vitabu vyake vidogo juu ya maisha ya familia vilisomwa sana Kinshasa. Ukikutana nacho kimoja sokoni, kinunue.

Kilichopendwa kuliko vyote na watoto wadogo ni Takadini cha Ben Hanson, ambacho wanafunzi wa sekondari wa Tanzania wanakisoma shuleni. Sekai amekaa miaka mingi bila mtoto. Anapompata, mtoto ana ualbino, na mila ya kijiji inataka auawe. Anambeba mgongoni usiku, anakimbia, anafika kijiji cha watu wasiomjua. Mzee mmoja aitwaye Chivero anawapokea na baadaye anamfundisha mtoto kupiga mbira. Wengine kijijini wanawanong'ona.

Tuliuliza watoto: Sekai ni nani? Mtoto wa miaka tisa akajibu mara moja, “Ni mkimbizi.” Hatukuwa tumefikiria hivyo, ingawa tulikisoma mara mbili. Baada ya hapo wakataka kujua kama Chivero ni ndugu yake, na kama si ndugu, kwa nini anamwita mwanawe. Katika kambi yetu kuna watoto wengi wanaolelewa na watu wasio wa tumbo moja na wazazi wao, waliokotana njiani wakati wa kukimbia. Swali hilo walilijibu wao kwa wao, sisi tulikaa kimya. Pia tulizungumza juu ya mauaji ya watu wenye ualbino, ambayo kuanzia mwaka 2007 yalitangazwa sana hapa Tanzania na kule Burundi pia. Tunao watoto wenye ualbino hapa kambini. Mmoja alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ile, na wenzake walibishana nani akae naye.

Usomaji uko kila Jumamosi saa tisa alasiri, darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Watoto wadogo wanaanza, wakubwa wanafuata saa kumi na nusu. Njoo na kiti chako kama unacho, mabenchi hayatoshi. Taa tuliyonayo ni moja, na betri yake imechoka, hivyo tunaomba tuanze kwa wakati. Na yule aliyechukua Watoto wa Mama N'tilie mwezi uliopita, tafadhali akirudishe. Tumeishia pale Peter na Zita wanaporudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, na watoto wanatuuliza kila siku nini kilitokea baadaye.