Uteuzi wa Multimita za Dijitali za Bei Nafuu na za Ubora kwa Mafundi Umeme wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera

Makala haya yanajadili uteuzi wa multimita ya dijitali, yaani kifaa cha kupimia volti, ampea na omu, miongoni mwa mafundi umeme wa wilaya za Ngara na Biharamulo. Swali lenyewe huonekana dogo: je, fundi anunue kifaa cha bei ya chini, au ajinyime hadi apate kile cha ubora ambacho bei yake huweza kuwa mara kumi au zaidi? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jibu hutegemea umeme unaopimwa, na kwamba katika wilaya hizi mbili umeme wenyewe umebadilika.

Kwa miaka mingi miji ya Ngara na Biharamulo ilitegemea jenereta za dizeli za TANESCO zilizokuwa nje ya gridi ya taifa. Baadaye njia ya kilovolti 220 kutoka Geita ilifika Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na kwenye mto Kagera, upande wa Ngara, ukajengwa mtambo wa maporomoko ya Rusumo wenye megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, nayo imesogeza transfoma hadi vijijini. Hata hivyo sola haijatoweka. Fundi huyohuyo anaweza kupima betri ya volti 12 asubuhi na ubao wa nyuzi tatu wa mashine ya kusaga mchana.

Kwa kazi ya asubuhi, kifaa cha bei nafuu hakistahili dharau kinachopewa. Multimita za jamii ya DT-830, zinazojulikana kwa umbo lake dogo na swichi moja ya mviringo, kwa kawaida hutajwa kuwa na kosa la asilimia 0.5 na tarakimu 2 katika volti za mkondo mnyoofu. Betri yenye volti 12.50 ikipimwa katika eneo la volti 20, kosa halizidi volti 0.08 hivi. Betri ya risasi na asidi iliyotulia husoma karibu volti 12.7 ikiwa imejaa na karibu 12.2 ikiwa nusu. Pengo hilo la nusu volti linaonekana vizuri kwa kifaa hicho, na fundi wa sola anayekitumia hafanyi kosa.

Ugumu huanza kwenye inveta. Multimita ya bei nafuu haipimi thamani halisi ya mkondo geu. Hupima wastani, kisha huzidisha kwa kudhani kwamba wimbi ni laini kama la gridi. Inveta nyingi za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi. Chukua wimbi la kilele cha volti 325 linalodumu nusu ya muda wa kila nusu-mzunguko: thamani yake halisi ni volti 230, lakini kifaa cha wastani kitaonyesha karibu 180. Inveta nzima itahukumiwa kuwa mbovu, na mteja atalipia kosa la kipimo.

Kwenye umeme wa gridi, kosa la kawaida la vifaa hivyo ni asilimia 1.2 na tarakimu 10, na katika eneo la volti 750 kila tarakimu ni volti nzima. Kwa volti 230 hiyo ni takriban volti 13 juu au chini. Fundi akisoma 219 na kumwambia mteja kwamba umeme umepungua, hana ushahidi. Kifaa chenye kosa la asilimia 1 na tarakimu 3, kinachosoma sehemu ya kumi ya volti, hupunguza shaka hiyo hadi chini ya volti 3.

Lakini usahihi si jambo zito kuliko yote. Zito zaidi ni kile kinachotokea fundi anapokosea, na kosa lililozoeleka ni kuacha waya katika tundu la ampea 10 kisha kupima volti. Hapo kifaa hugeuka kipande cha waya kati ya laini na nyutro. Transfoma ya kVA 50 yenye ukinzani wa ndani wa asilimia 4 inaweza kutoa karibu ampea 1,800 kwenye vituo vyake iwapo nyaya zitagusana. Umbali wa waya hadi nyumbani hupunguza kiasi hicho, ila kwa mashine iliyo jirani na nguzo haupunguzi sana. Fyuzi ndogo ya kioo ya kiwango cha chini huhakikishiwa kukata ampea 35 tu, au mara kumi ya ukubwa wake ikiwa hiyo ni zaidi. Katika DT-830 nyingi tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa. Fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga hukata maelfu ya ampea bila kupasuka, na sehemu ya bei ya multimita ya ubora ni bei ya fyuzi hiyo. Jenereta ndogo haikuwa na nguvu ya kuadhibu kosa hili kwa ukali huo, gridi inayo.

Radi nayo ihesabiwe, maana bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani. Kiwango cha IEC 61010 hugawa vifaa kwa madaraja: CAT III ya volti 600, inayofaa ubao wa usambazaji, hujaribiwa kwa mpando wa ghafla wa volti 6,000. Maandishi ya CAT III juu ya plastiki hayathibitishi chochote, kwa kuwa yeyote huweza kuyachapa. Alama ya CE nayo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Alama za maabara huru kama UL au TÜV zina uzito zaidi. Mnunuzi anayeruhusiwa kufungua kifuniko cha nyuma aangalie fyuzi kwanza.

Maabara ya vipimo ya TBS iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Ngara, hivyo si haki kumtaka fundi wa Rulenge au Nyakahura apeleke kifaa huko kila mwaka. Linalowezekana ni mafundi watatu au wanne kununua kwa pamoja multimita moja ya ubora kwa kazi za gridi, kila mmoja akibaki na yake ya bei nafuu kwa sola, na kuzilinganisha hizo na ile ya pamoja juu ya betri moja. Kabla ya kulinganisha, betri ya volti 9 ibadilishwe: inapochoka, multimita ya bei nafuu husoma juu kuliko ukweli, na betri ya sola iliyokwisha huonekana imejaa.