Kwa Nini Tunabeti Hata Hesabu Ikikataa?

Kuanzia soko la Kiirua hadi stendi za bodaboda Meru mjini, karibu kila anayebeti anajua kwamba kampuni ya kubeti hailali njaa. Bado Jumamosi ikifika, anaweka. Je, ni kwa sababu hajui hesabu? Hebu tuiangalie pamoja.

Hesabu yenyewe

Tuseme timu mbili zina nguvu sawa na kila upande una odi ya 1.90. Ukiweka KSh 100 kila upande, umetoa 200. Upande wowote ukishinda, unalipwa 190. Ile 10 imebaki kwa kampuni. Kwa wastani, kila mia inarudi kama 95.

Sasa unganisha mechi 10 za aina hiyo kwa mkeka mmoja. Wastani unashuka hadi kama KSh 60 kwa kila mia. Na jakpoti ya mechi 17? Kila mechi ina majibu matatu, kwa hivyo kuna njia zaidi ya milioni 129 za kuijaza, na moja tu ndiyo sahihi.

Basi mbona tunaendelea?

Kwanza, mkeka uliochanwa na timu moja unauma kwa namna ya ajabu: unahisi ulikaribia, kumbe hasara ni ile ile.

Pili, aliyeshinda anasikika kijiji kizima. Waliopoteza wananyamaza.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, tunatafuta pesa nyingi kwa mpigo. Mia moja inapatikana ukiuza waru au ukibeba abiria, lakini karo ya elfu 18 haiji kwa siku moja. Mkeka unaonekana kama njia pekee ya kugeuza mia kuwa maelfu. Mtafiti Sylvan Herskowitz alichunguza wanaume wanaobeti jijini Kampala, Uganda, akakuta jambo hilo hilo. Waliopewa sanduku la kuwekea akiba, hamu yao ya kubeti ilipungua.

Simu yako inaweza kuwa hilo sanduku

- Fungua akiba ya kufungwa na uipe jina: "Karo ya Januari" au "Ng'ombe". Pesa yenye jina ni ngumu kuigusa.
- Weka siku ile ile pesa inapoingia, kabla ya wikendi. KSh 50 kila siku ni KSh 18,250 kwa mwaka.
- Pitia stetimenti yako ya miezi mitatu. Jumlisha ulichotuma kubeti, toa kilichorudi.
- Usibeti kwa pesa ya mkopo, wala usiweke tena ili kurudisha iliyopotea.

Ukiamua kubeti, iwe ni ile pesa ambayo ungetumia kwa burudani. Karo ya mtoto isingojee bao la dakika ya 90.